Mgonjwa Amegeuzwa Posta

Wiki hii naweka kando mambo ya seva na lugha za programu. Nataka tuzungumzie jambo ambalo ukilitazama haraka ni la madaktari, lakini kadiri ninavyolichungulia ndivyo ninavyoona kwamba ni la watu wa kazi yangu pia. Nini humpata mtu aliyetibiwa saratani akapata nafuu, halafu akarudi kijijini na presha yake, au kisukari chake, au virusi vyake vya HIV, ilhali kila ugonjwa una kliniki yake, faili lake na siku yake?

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Watu hawa hawana haja ya kungoja mfumo mkubwa wa kompyuta wa taifa zima. Wanahitaji ukurasa mmoja na jina moja. Ukurasa unaoeleza walitibiwa nini na wapi, na jina la mhudumu mmoja aliye karibu nao ambaye kazi yake ni kuusoma ukurasa huo na kuufanyia kazi. Kompyuta zije baada ya hapo. Zikija zitakuta kazi imeshaeleweka.

Sasa tuanze na ramani. Wema ni kijiji cha Tana Delta, upande wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Ni nchi ya mpunga, migomba na miembe, na mto wenye mamba. Ukiugua malaria unakwenda zahanati. Ukizidiwa unapelekwa Hospitali ya Ngao, ambayo ni ya tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Makao makuu ya kaunti yako Hola, mbali upande wa kaskazini. Lakini ukiambiwa una uvimbe unaotiliwa shaka, safari inageukia kusini: Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, kisha Mombasa, kilomita kama 120 nyingine. Kwa miaka mingi mionzi katika hospitali ya umma ilimaanisha Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, basi. Siku hizi kuna vituo vya saratani vya kanda Mombasa, Nakuru na Garissa, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo hesabu vituo vya njiani. Mtu wa Wema anaweza kupitia sehemu nne au tano kabla ya kumaliza matibabu, na kila sehemu inafungua faili jipya.

Usidhani hawa ni watu wachache wa kuhesabu kwa vidole. Kwa makadirio ya GLOBOCAN, mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000, na waliofariki walikuwa zaidi ya 29,000. Saratani ya matiti na ile ya mlango wa kizazi ndizo zinazoongoza kwa idadi. Vifo hivyo ni vingi mno, na sitaki kuvipamba. Lakini kuna wanaobaki hai, na hao ndio manusura ninaowazungumzia. Wengi ni watu wa makamo na wazee, yaani umri uleule wa presha na kisukari. Tena Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke mwenye HIV ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye nayo. Kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa mmoja tu, yule tunayemwona kwenye mabango ya kampeni, si lazima awe ndiye mgonjwa wa kawaida.

Nitoe mfano wa karibu. Shangazi yangu anaishi Wema. Alitibiwa saratani ya matiti miaka kadhaa iliyopita, na presha alikuwa nayo kabla ya saratani. Ana kadi ya presha ya kituo kimoja, kijitabu cha kliniki ya saratani cha hospitali nyingine, na daftari la shule alilonunua dukani kwa ajili ya magonjwa mengineyo. Vyote viko kwenye bahasha ya kaki. Alipoanza kuishiwa na pumzi akitoka shambani, alikwenda na kadi ya presha, kwa sababu aliona hiyo ndiyo inayohusika. Tabibu wa zamu akampima, akaona presha iko juu, akamwongezea dawa. Hakumwuliza habari ya saratani, maana kadi ya presha haina mahali pa kuandika saratani. Shangazi naye hakusema, maana alikuwa ameambiwa amepona.

Miezi ikapita kabla ya mtu mmoja, katika kituo kingine kabisa, kufungua bahasha nzima na kumtuma akapimwe moyo. Moyo ulikuwa umedhoofika. Sasa anatumia dawa zake na anaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe. Nilipomwuliza mbona hakuwaeleza mapema, alinijibu hivi: "Mwanangu, hawa madaktari hawajuani. Mimi ndiyo posta yao, na hakuna aliyenipa barua."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Ni maelezo mazuri ya mfumo kuliko michoro mingi niliyowahi kuiona ukutani.

Kwa wasiojua, nieleze kwa nini bahasha ile ilikuwa na umuhimu. Miongoni mwa dawa zinazotumika sana kwa saratani ya matiti iko doksorubisini, ambayo wagonjwa wengi huifahamu kwa rangi yake nyekundu. Ni dawa yenye nguvu, imeokoa wengi, lakini inaweza kuudhuru moyo, na madhara hayo yanaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Mwenye presha yuko katika hatari zaidi. Ndiyo maana madaktari hujumlisha kipimo chote alichowahi kupewa mtu maishani mwake, na kuna kikomo ambacho hawapendi kukivuka. Ewe mtunga programu mwenzangu, litazame hilo kwa jicho lako. Hiyo ni namba moja tu ya kujumlisha. Kama namba hiyo imebaki kwenye faili la hospitali iliyo kilomita 200 na zaidi kutoka anapoishi mwenye moyo, ni sawa na kwamba haipo.

Mfano wa pili si wa shangazi, ni wa mwanamke wa kufikirika, ila dawa zake ni za kweli. Ana HIV, ana kisukari, na amemaliza matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani ya namna hiyo mara nyingi hutibiwa kwa mionzi pamoja na sisplatini, dawa inayoweza kuumiza figo. Kwa kisukari anameza metfomini, ambayo mwili huitoa kupitia figo hizohizo. Figo zikidhoofika, metfomini inabaki mwilini kupita kiasi. Kwa HIV anatumia dolutegraviri, dawa ya msingi katika ARV za watu wazima siku hizi, na dolutegraviri inapandisha kiwango cha metfomini kwenye damu, hata ushauri ni kwamba anayetumia zote mbili asizidishe miligramu 1,000 za metfomini kwa siku. Sasa angalia kliniki tatu hizo. Kliniki ya saratani haikukosea. Kliniki ya ARV haikukosea. Kliniki ya kisukari, ikiona sukari imepanda, ikamwongezea metfomini, nayo kwa karatasi iliyo mbele yake haikukosea. Kosa liko katikati, mahali ambapo hakuna mtu aliyeajiriwa kukaa.

Katika hifadhidata tunasema majedwali mawili hayaunganiki bila ufunguo wa pamoja. Huyu mama ana namba ya faili Malindi, namba nyingine Mombasa, namba ya kliniki ya ARV, na namba ya kitambulisho ambayo si kila mahali huulizwa. Jina lake limeandikwa Khadija hapa, Hadija pale. Namba ya simu ni ya kijana wake, na kijana amebadilisha laini. Nimewahi kuona programu ya kliniki moja ya binafsi ambayo jedwali la wagonjwa lilikuwa na safu moja ya "ugonjwa". Moja! Aliyeitengeneza aliamini kwamba binadamu hupewa ugonjwa mmoja kwa wakati kama anavyopewa kiti kimoja kwenye matatu.

Hapa najua wako watakaosema: lakini Kenya tuna mifumo, tena tunasifika kwayo. Kweli kabisa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa hatujagusa kipanya. Mwaka 2004 ikazaliwa OpenMRS, programu huria ambayo baadaye ilienea nchi nyingi, na Eldoret ikaanza kuitumia mwaka 2006. KenyaEMR, inayotumika katika kliniki nyingi za HIV nchini, imejengwa juu ya OpenMRS. Mwaka 2011 nchi nzima ikaingia kwenye DHIS2 kwa ripoti za afya. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kipima sukari, pamoja na simu zenye mfumo wa eCHIS, ambao nao umejengwa juu ya programu huria. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali.

Mimi ni mtu wa programu huria, kwa hiyo orodha hiyo hunifurahisha. Lakini soma kila mfumo uliundiwa swali gani. DHIS2 inajibu "wangapi?" Inajua mwezi uliopita wagonjwa wangapi wa presha walionwa katika kituo fulani, ila haimjui hata mmoja wao kwa jina, na haikukusudiwa kumjua. KenyaEMR ilianza kwa swali la HIV: nani amechukua dawa, nani amepotea. eCHIS inajibu swali la kaya: nani ana mimba, nani ana mtoto mwenye homa. Yote ni maswali mazuri. Swali la shangazi yangu ni jingine: "Mtu huyu aliye mbele yangu amepitia nini kwingine, na nifanye nini tofauti kwa sababu ya hayo?" Swali hilo bado halina mwenyewe.

Tena jambo moja linastahili kusemwa wazi. Ugonjwa ambao tumejifunza kuufuatilia kwa miaka mingi ni HIV. Mtu akikosa siku ya ARV, kuna anayempigia simu. Kuna orodha ya waliopotea na kuna mtu wa kuwatafuta mpaka nyumbani. Hilo halikuletwa na kompyuta peke yake. Lililetwa na uamuzi kwamba kila mgonjwa ana mtu wa kumuulizia, halafu kompyuta ikapewa kazi ya kumsaidia mtu huyo. Manusura wa saratani akikosa kliniki ya ufuatiliaji, mara nyingi atakayegundua kwanza ni yeye mwenyewe, siku maumivu yatakaporudi.

Basi tufanye nini? Rafiki zangu wengi wa fani hii husema tungoje mfumo wa taifa. Namba moja kwa kila Mkenya, mifumo yote izungumze, kila hospitali ione kila kitu. Siwapingi, na ningependa siku hiyo ifike. Ninachopinga ni kungoja. Masika ya 2024, na kabla yake El Niño ya mwishoni mwa 2023, maji ya Tana yalifunika vijiji na mashamba, na barabara kati ya Garsen na Lamu ikakatika. Wakati kama huo umeme na intaneti navyo si vya kutegemea. Mfumo unaohitaji seva ya Nairobi ili muuguzi wa Tana Delta ajue mgonjwa wake alipewa doksorubisini, utamwacha mkono siku anapouhitaji zaidi.

Tuna mfano bora zaidi, nao uko kwenye sanduku la kila mama mwenye mtoto mdogo: kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mama hukibeba tangu ujauzito. Muuguzi yeyote, Ngao au Malindi au Mombasa, akikifungua anajua chanjo zipi zimetolewa na zipi bado, uzito ulikuwaje, presha ya mama ilikuwaje. Hakina nywila, hakihitaji chaji. Kinasomeka kwa sababu kila kituo kinakijua mpangilio wake. Mgonjwa hapa pia ni posta, ila safari hii amepewa barua iliyoandikwa vizuri.

Pendekezo langu ni kwamba kila anayemaliza matibabu ya saratani atoke na ukurasa mmoja wenye mambo matano:

1. Saratani gani, ilifikia hatua gani, na iligunduliwa lini.
2. Alitibiwa kwa nini: upasuaji gani, mionzi sehemu gani ya mwili, dawa zipi, na jumla ya kipimo kwa zile dawa ambazo jumla yake ina maana.
3. Magonjwa mengine aliyonayo na dawa zote anazotumia leo, za kliniki zote.
4. Mambo ya kuangaliwa, na hatua za kuchukua. Kwa mfano: "Akiishiwa na pumzi, apimwe moyo." "Kabla ya kuongeza metfomini, pima figo." "Akitokwa na damu baada ya mionzi ya nyonga, hata kama miaka imepita, arudishwe kliniki ya saratani."
5. Jina la kituo na mhudumu anayemfuatilia, na namba ya simu ya kliniki ya saratani ambayo kweli inapokelewa.

Wazo lenyewe si langu. Mwaka 2005 Institute of Medicine ya Marekani ilitoa ripoti kubwa iliyosema kwamba manusura hupotea katika mpito kati ya daktari wa saratani na daktari wa kawaida, ikapendekeza kila mmoja apewe mpango wa maandishi. Ninachoongeza mimi ni namna ya kuufanya ufike Wema na ubaki Wema.

Na hapa ndipo kompyuta inapopata kazi inayoiweza. Hospitali inayotibu saratani, yenye umeme na kompyuta, ijaze fomu moja na kuichapisha. Pembeni ya ukurasa iwekwe alama ya QR yenye maneno yaleyale ndani yake, si anwani ya tovuti, maneno yenyewe. Alama moja ya QR inaweza kubeba baiti 2,953, na muhtasari wa mambo matano hayo, ukiandikwa kwa ufupi, hauzidi 1,000 au 1,500. Simu ya kawaida yenye kamera inaisoma bila intaneti, na QR imeundwa iweze kusomeka hata ikichafuka kidogo. Karatasi ikilowa au ikichanika, picha yake imo kwenye simu ya mwanafamilia. Siku mfumo wa taifa ukiwa tayari, data iko kwenye mpangilio unaoeleweka na inaingia yenyewe bila karani kuanza kuandika upya. Viwango vya kimataifa vya muhtasari wa mgonjwa vipo tayari, hatuna haja ya kubuni chetu.

Swali la siri ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Alama ya QR inayosomwa na muuguzi bila intaneti inaweza kusomwa pia na jirani. Kijijini, habari kwamba mtu anatumia ARV husafiri kuliko bodaboda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ni sawa. Kwa hiyo sehemu ya HIV iwe ya hiari ya mgonjwa. Akikubali iandikwe, ifungwe kwa namba ya siri anayoijua yeye. Kufanya hivyo kuna hasara yake: mgonjwa akiletwa hajitambui, hakuna wa kuifungua. Kati ya hasara mbili hizo, namwachia mwenye mwili achague, sio mimi niliyekaa na kompyuta Mombasa, wala waziri.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa kuliko yote, na linatoka kwa watafiti. Mwaka 2011 kulichapishwa utafiti wa Kanada kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti. Baadhi walipewa mpango wa maandishi, wengine wakaenda na utaratibu wa kawaida. Haikuonekana tofauti ya maana katika hali zao za wasiwasi na dhiki. Wapo waliousoma wakasema basi, karatasi hazisaidii. Mimi nauheshimu utafiti huo, na nadhani unatufundisha jambo la maana. Wale wanawake, wa pande zote mbili, walikuwa na daktari wao wa familia aliyekabidhiwa ufuatiliaji. Yaani jina lilikuwepo tayari, wakaongezewa ukurasa. Huku kwetu vyote viwili havipo. Ukurasa bila jina ni barua isiyo na anwani, na naamini ukitolewa peke yake utaishia kwenye bahasha ya kaki pamoja na wenzake.

Ndiyo maana jambo la tano kwenye orodha nalipigania kuliko QR. Awepo muuguzi au tabibu mmoja katika kituo cha karibu ambaye manusura ni wake. Sisemi awe mtaalamu wa saratani. Mara moja kila baada ya miezi mitatu akae na mgonjwa, atandaze kadi zote mezani, alinganishe dawa, asahihishe jambo la tatu kwenye ukurasa, na akiona kitu hakiendi sawa apige ile simu. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye mashine ya presha anayo na nyumba anaijua, ampime katikati ya miezi hiyo na kupeleka taarifa kwa muuguzi huyo. Na kliniki za siku tofauti zipangwe siku moja inapowezekana. Mtu anayetoka Wema kwa bodaboda na matatu hapaswi kulipa nauli tatu mwezi mmoja ili kupimwa presha ileile mara tatu.

Utaniambia wauguzi ni wachache na wamechoka. Ni kweli. Ila hesabu na gharama ya upande wa pili. Miezi ile ambayo shangazi alikuwa akiongezewa dawa isiyo yake, aliwaona wahudumu mara nyingi kuliko ambavyo angewaona kama mmoja wao angepewa nusu saa ya kusoma bahasha. Muda ulitumika. Ulitumika vibaya tu.

Kwa watunga programu mnaonisoma, ombi langu ni dogo. Ukipewa kazi ya kujenga mfumo wa kliniki, usikubali safu moja ya ugonjwa. Weka mahali pa matibabu yaliyofanyika kwingine, na mahali pa jina la anayewajibika. Weka kitufe cha kuchapisha muhtasari ambao mgonjwa ataondoka nao mkononi. Mteja wako hatakuomba hivyo vitu, kwa sababu vinamsaidia mtu wa kituo kinachofuata, na huyo hakuwepo kwenye kikao.

Na wewe ambaye si mtu wa kompyuta lakini nyumbani mna mzee mwenye bahasha, huna haja ya kungoja serikali wala mimi. Chukua karatasi, keti naye, andika mambo matano yale kwa kadiri mnavyoyajua. Yale msiyoyajua, mwende mkaulize kliniki ya saratani siku ya miadi: alipewa dawa gani, kiasi gani, na tuangalie nini. Mna haki ya kuuliza. Msipunguze wala kuacha dawa yoyote kwa sababu ya haya niliyoandika. Mpelekeeni daktari karatasi, aamue yeye. Hakikisheni tu kila kliniki anayokwenda inaiona karatasi hiyo kwanza kabla ya kadi yake.

Kwa leo naishia hapa wadau. Wiki ijayo nikijaliwa nitaweka mpangilio wa data wa ukurasa huo na programu ndogo ya kuuchapisha pamoja na QR, bure na huria, ili anayetaka aichukue, aibadilishe, aikosoe. Madaktari na wauguzi mlio Ngao, Garsen, Hola na kwingineko, nitafurahi mkiniambia jambo la sita ni lipi.